Siku ya Jina Haalikwi Mtu

"Salna, kuna mtu kasimama golini, hataki kutoka."

Sauti ya mzee Guntis ilikwaruza kwenye redio ya mkononi. Salna alikuwa juu ya gari lake la kulainisha barafu, tayari kuingia uwanjani. Mazoezi ya asubuhi yalikuwa yamekwisha na timu ya taifa ya Latvia ya hoki ya barafuni ilikuwa imeshaingia kuoga.

"Mwambie atoke."

"Nimemwambia. Anasema akitolewa, atolewe na wewe."

Salna hakuuliza ni nani. Moyo ulishampiga paa! Mashindano ya dunia yalikuwa yamekuja Riga, na siku zote hizo alikuwa anamkwepa huyo mtu kwenye vijia vya uwanja kama anayemkwepa mdai wake. Leo kapatikana.

Akaliingiza gari polepole. Raivo alikuwa amejaa golini na makinga yake yote ya kipa, kama kabati la nguo. Miaka mitatu ng'ambo ilikuwa imemwongezea ndevu. Macho yalikuwa yale yale, ya mtu anayeomba msamaha kabla hajakosa.

"Toka kwenye barafu yangu."

"Hata salamu, Salna?"

"Salamu utapewa kesho na Waswidi. Toka!"

Wachezaji wawili waliokuwa wamechelewa benchi wakaangua kicheko.

"Kipa wa akiba huyo! Anafungwa hata na gari!"

Raivo hakuwajali. Akavua kofia ya kinga, akaikumbatia kifuani.

"Umeifungia namba yangu tangu mwaka jana. Hata kosa langu silijui."

"Hulijui?"

"Haki ya Mungu silijui."

Salna akakaza mikono kwenye usukani. Mtu anakuzika ungali hai, halafu anasema hajui!

"Nilikuandikia usikanyage kwetu mpaka nikualike."

"Basi nialike. Kesho ni siku ya jina lako."

"Ng'o!"

"Salna, tukifungwa kesho tumetoka kwenye mashindano, na keshokutwa asubuhi napanda ndege. Klabu ya ng'ambo inanitaka miaka mitatu mingine, na inataka jibu kesho. Nipe neno moja tu. Likiwa baya nitakwenda nalo."

Salna alikuwa na maneno mengi, yamejaa mpaka kwenye meno. Akabonyeza honi ya gari, ikalia uwanja mzima ukaitika.

Raivo akavaa kofia yake, akaondoka. Lakini alipopita mbele ya goli akaiparua barafu kwa viatu vyake vya kuteleza, parua, parua, mpaka ikatoka unga. Ndivyo walivyoanza hao wawili. Yeye alikuwa akiiharibu barafu, Salna anamtukana, anaiharibu tena kesho yake ili atukanwe tena, mpaka matusi yakageuka mapenzi na mji mzima ukajua.

Salna alipofika pale na gari, aliupita mparuzo ule akiwa amefumba macho.

*

"Binti, mimi si mbea," alianza mzee Guntis kantini, akivuta kiti.

"Wewe ni mbea, bosi."

"Haya, ni mbea. Yule kijana kakukosea nini?"

Salna alizungusha kijiko kwenye chai ambayo haikuwa na sukari.

"Baba alipofariki, Raivo hakuja kumzika. Alikuwa kwenye ligi. Alipiga simu akalia, nikalia, nikamsamehe. Iliniuma, lakini nilimsamehe. Ikafika Mei, siku ya jina langu."

Kwa Walatvia kila siku ya kalenda ina majina yake, na mwenye jina husherehekewa siku hiyo. Jina la Salna halimo kwenye kalenda. Usiku aliozaliwa barafu ya Mei iliangukia maua ya mitofaa yote ya baba yake, na mzee yule mwenye mzaha mkali akampa mtoto jina la hiyo hiyo barafu. Kwa hiyo jina lake husherehekewa Mei ishirini na mbili, siku waliyotengewa wote wasio na nafasi kwenye kalenda.

"Mlango ukagongwa," Salna akaendelea. "Mleta maua. Mawaridi mekundu, kadi yake, 'Kwa Salna wangu.' Nilifurahi, bosi, usione hivi! Nikayatia kwenye chombo. Halafu nikayahesabu."

"Yalikuwa mangapi?"

"Kumi na mawili."

Kikombe cha mzee Guntis kiliishia njiani.

"Mungu wangu! Shufwa?"

"Shufwa."

"Maua ya shufwa ni ya maiti! Mtu anayepumua anapelekewa witiri, hata mtoto wa chekechea anajua!"

"Mama alipoyaona alijishika kifua. Kesho yake akayapeleka makaburini kwa baba. Na mimi nikayaelewa: hakuja kumzika baba, lakini mimi kanizika kwa posta."

"Ukamuuliza?"

Salna akatoa simu, akamwonyesha ujumbe aliouhifadhi mwaka mzima: "Nimepata maua yako. Nimeelewa. Usikanyage kwetu mpaka nikualike, na sitakualika."

"Naye kajibu nini?"

"Niliifungia namba kabla hajajibu."

"Lo! Umemhukumu mtu hajafungua mdomo!" Guntis akakuna kidevu. "Na bado unampenda."

"Nani kasema?"

"Nakuuliza."

Salna akatazama dirishani. Alipojibu, sauti ilikuwa ndogo.

"Ndege ikipita juu ya nyumba, nainua kichwa. Mwaka mzima, bosi, kila ndege. Nikiwa naanika nguo, nikiwa nakula, nainua kichwa. Sasa hicho wewe ukiite utakavyo."

*

Kesho yake alasiri uwanja ulikuwa umefurika jezi za rangi nyekundu iliyoiva, ngoma zinapigwa, watu wamejichora nyuso. Kila mtu alijua Waswidi ni wakubwa. Mchezaji wao mmoja mshahara wake ungeilisha timu nzima ya Latvia na mashabiki wake. Lakini wenyeji walikataa kufa. Katikati ya mchezo walikuwa sare, bao moja kwa moja.

Ndipo kipa wa kwanza akaanguka, akashika paja, asiinuke tena.

"Raivo! Raivo! Raivo!"

Salna, mlangoni kwenye gari lake, alisimama juu ya kiti ili aone. Mtu aliyekalia benchi mashindano yote anaingia kukutana na simba.

Waswidi wakamwandama kwa mashuti. Wakapiga kutoka kulia, kushoto, katikati. Kile kisahani cheusi ambacho ndicho mpira wa mchezo huo kiliruka kikamgonga usoni juu ya kinga, akayumba, akasimama. Akalala, akainuka, akadaka. Kila akidaka uwanja unapiga kelele, na Salna anasema kimoyomoyo: dada usimwonee huruma, huyo alikuzika. Huruma haikumsikia.

Kikafika kile kipindi kifupi ambacho mchezo husimama na watu wa mabeleshi huingia kuzoa unga wa barafu golini.

"Salna!" aliita mzee Guntis. "Mpiga beleshi mmoja kateguka mguu. Vaa viatu, uingie wewe."

Salna akageuka. Mpiga beleshi mwenyewe alikuwa amesimama pale pale anakula soseji, mzima kama kengele.

"Bosi, hajateguka mtu."

"Nimesema kateguka! Unabishana na mimi?"

Akaingia. Maelfu ya watu wanaimba, taa zinawaka, na yeye anateleza na beleshi mpaka miguuni pa Raivo. Akainama, akaanza kuzoa.

"Sogea mguu."

"Salna?" Sauti ilitoka ndani ya kinga kama ya mtu aliye kisimani.

"Nina dakika moja. Nani alikufa?"

"Nini?"

"Maua yako ya mwaka jana. Nani alikufa, Raivo?"

"Yale mawaridi? Nilikutumia mawaridi, ukanifungia namba!"

"Mangapi?"

"Dazeni. Kule yanauzwa kwa dazeni. Mtu unabonyeza tu, dazeni moja, dazeni mbi..."

Salna aliona macho yake nyuma ya vyuma yakihesabu, na akaona yalipofika.

"Mama yangu," alisema Raivo. "Kumi na mawili."

"Kumi na mawili."

"Na baba yako alikuwa ametoka tu kuzikwa."

"Hukuja kumzika, halafu unaniletea hayo."

"Salna, maua ni ujinga, naapa. Nimekaa kwa watu mpaka nikasahau kuhesabu. Lakini mazishi..." Akaegemea goli. "Kwa mazishi sina la kujitetea. Kocha alisema nikiondoka nafasi yangu imekwenda. Nikachagua nafasi. Mpaka leo nikiwa peke yangu namwona mzee ananiuliza."

Filimbi ikalia. Mwamuzi akamwashiria Salna atoke. Alikuwa na beleshi limejaa na macho yamejaa, mbele ya ulimwengu mzima. Akasema kilichomjia:

"Acha kuniparulia barafu."

Dakika za mwisho kisahani kikagonga kiatu cha beki wa Latvia, kikabadili njia, kikajipenyeza nyuma ya Raivo. Mbili kwa moja. Wenyeji wakashambulia mpaka sekunde ya mwisho, wakagonga mwamba, na kengele ikalia.

Hakuna aliyeondoka. Uwanja mzima ulisimama ukaimba, na vijana wa Latvia wakasimama kwenye mstari wanalia kama watoto. Salna alimtafuta Raivo kwa macho. Alikuwa ameshaingia ndani.

*

Nyumbani mama yake, Mama Mirdza, alikuwa ametandika meza: keki ya zafarani iliyosokotwa, samaki wa moshi, mkate mweusi, jibini. Siku ya jina haalikwi mtu. Anayekukumbuka anakuja, na mlango haufungwi. Wakaja majirani, wakaja wenzake wa kwaya, akaja mzee Guntis na chupa. Kila mmoja na maua yake, matatu, matano, wakamwimbia. Kila hodi ilipopigwa Salna aliinuka kabla ya mama yake.

"Kaa, mwanangu. Utauchakaza mlango kwa macho."

"Naangalia kama kuna upepo."

"Upepo una ndevu?" akauliza mzee Guntis, mdomo umejaa keki.

Wageni wakaanza kuaga. Jua la Mei halina haraka, lilikuwa bado liko juu ya mapaa, lakini Salna alishaona giza. Timu imetoka. Kesho asubuhi ndege. Raivo alikuwa ameambiwa usikanyage, naye katii. Mwanaume anayetii wakati usiotakiwa!

Akachukua simu, akaifungua namba ile, akaandika: "Njoo." Akafuta. Akaandika tena. Akafuta tena.

Hodi.

Safari hii mama aliwahi. Mlangoni alisimama Raivo, jicho moja limevimba, na ua moja mkononi.

"Hatukukualika," alisema Mama Mirdza.

"Siku ya jina haalikwi mtu, mama."

Mama Mirdza hakusogea. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini, na macho yake yakasimama kwenye viatu.

"Huo mchanga umetoka wapi?"

"Kwa mzee." Raivo aliinamisha kichwa. "Nimempelekea maua mawili. Na mchanga wa kaburi nimeulainisha kwa reki, kama desturi. Reki nimeazima kaburi la jirani."

"Umechelewa sana, Raivo."

"Najua, mama. Nimemwambia hivyo hivyo."

Mama Mirdza akamshika mkono, akamvuta ndani kama anayemtoa mtu kwenye mvua.

"Pita. Keki inaisha, Guntis hana adabu."

Raivo hajakaa, simu yake ikalia. Aliipokea mbele ya wote; sauti ya wakala wake ikasikika mpaka mezani.

"Raivo, uko wapi wewe? Wenye klabu wananisubiri! Miaka mitatu, ndiyo au hapana?"

Raivo akamtazama Salna.

"Usinitazame mimi," Salna alisema. "Sikukuomba ubaki, na sitakuomba."

Raivo akarudi kwenye simu. "Waambie asante sana. Hapana."

"Umepata klabu nyingine?"

"Bado."

"Umerogwa?"

"Niko kwenye siku ya jina la mtu. Nipigie wiki ijayo." Akakata.

Hata mzee Guntis aliacha kutafuna. Raivo akamwendea Salna, akanyoosha lile ua.

"Hesabu."

"Raivo..."

"Hesabu, tafadhali. Mimi sijiamini tena."

Salna aliligusa kwa kidole. "Moja," akasema, na machozi aliyoyazuia mwaka mzima yakamponyoka yote kwa mpigo. "Moja. Mjinga wewe, moja!"

"Ni la mtu aliye hai?"

"Yu hai. Alikuwa anakufa, lakini yu hai."

Akamshika kichwa, akamkalisha kwenye kiti kilichokuwa kimebaki wazi tangu jioni, ambacho kila mgeni alikuwa amekatazwa kukikalia.

"Kesho unalainisha barafu saa ngapi?" Raivo aliuliza, anajifuta uso.

"Saa mbili asubuhi."

"Nitakuja kuiharibu."

"Jaribu uone," alisema Salna, akimkatia kipande cha keki kikubwa kuliko vyote.

Nje, juu ya mapaa, ndege ilipita ikinguruma kuelekea magharibi. Mama Mirdza alimtazama binti yake, kwa mazoea. Salna hakuinua kichwa.