Mashine Isiyotulia

"Mgonjwa ameruhusiwa," ilisema sauti ya Mkubwa sikioni mwake. "Mfuate."

Maana yake: lori limeondoka. Likamate.

Sindano alikwishaliona. Alivuta mafuta, Yamaha ikanguruma, akaipita teksi kwa upande usioruhusiwa. Dereva wa teksi alimtukania mama yake mzazi. Hakugeuka.

Mbele, Isuzu nyeupe yenye turubai la kijani. Nyuma ya Isuzu, Land Cruiser nyeusi, na ndani yake wanaume wawili wanaolipwa ili wasiulize maswali.

Chini ya turubai hapakuwa na bunduki. Hapakuwa na unga.

Palikuwa na mashine ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo.

Mwezi mzima Sindano, mpelelezi wa Mkubwa, alikuwa amejifanya mfagizi wa wodi. Siku moja, akijidai anafuta vumbi, alibandika kidude cha kufuatilia, kidogo kama kifungo cha shati, chini ya tumbo la mashine hiyo. Tangu hapo aliiona kwenye simu yake ikizurura kama mtu asiye na kwao. Leo hospitali hii, kesho ile. Serikali iliuziwa mashine tano kwa hospitali tano. Kumbe ni moja. Inatangulia, kamati ya wabunge inafuata. Wabunge wanaikuta imewashwa, wanapiga makofi, wanachukua posho, wanapanda magari kwenda kuikuta tena mbele.

Na kila inapong'olewa, kuna mgonjwa anabaki kitandani akitazama ukuta.

Mwenye mchezo huo aliitwa Mkandarasi. Leo ilikuwa hospitali ya mwisho. Kamati ikiridhika tu, mchango wa bima ya afya kwa wote, wa mwalimu, wa muuza mboga, wa mlinzi wa getini, utapitia kwenye kampuni yake kwa miaka ishirini.

Sindano alitema mate barabarani. Kisha alichomoa bastola yake, Beretta.

Risasi moja.

Tairi la Land Cruiser lilipasuka. Gari likayumba, likaparamia ukingo, likajilaza mtaroni kama ng'ombe aliyechoka.

Isuzu ilipunguza mwendo kwenye matuta. Sindano aliitupa pikipiki majanini, akadandia, akafungua mlango, akakaa.

"Habari za safari, kaka?"

Dereva aliuona mdomo wa bastola. 

"Niue tu," alisema. "Ila nisipofika, mdogo wangu wa kike anakufa."

"Mdogo wako yupi?"

"Fundi cherehani. Yuko hospitali tuliyotoka. Asubuhi hii wamemchomoa kabla damu haijamaliza kusafishwa. Wameniambia nikiipeleka salama, jioni inarudi kwake kwanza. Nikigoma, wa mwisho."

Sindano aliishusha bastola. Alimjua Fundi. Kitanda cha dirishani, miguu imevimba, mdomo haujavimba hata kidogo. "Wewe mfagizi gani?" alikuwa akimtania kila asubuhi. "Unafagia kama unatafuta kitu!"

Aligusa kifaa cha sikioni. "Mkubwa. Mzigo ninao."

"Vizuri. Wabunge wakute chumba kitupu, mchezo umekwisha."

"Haujaisha. Atawaambia iko njiani. Watangoja wiki nzima na watalipwa kwa kungoja."

"Basi tuite waandishi wa habari."

"Na wale wasioitaka bima? Wanangoja harufu ya kashfa tu. Watamzika mwizi na bima kaburi moja."

Mkubwa alishusha pumzi. "Kwa hiyo?"

Dereva alikohoa. "Dada, samahani. Kuna kitu ubavuni mwa mashine."

"Kitu gani?"

"Mwenyekiti wa kamati. Ana kalamu yake nene. Kila tukimuonyesha mashine, lazima aiandikie sahihi na jina la hospitali, kama mtoto aliyeokota mkaa akaona ukuta mweupe. Mimi ndiye ninayeziba. Nabandika karatasi nyeupe ya gundi juu yake. Hospitali inayofuata anasaini juu ya karatasi. Naziba tena."

Sindano alimtazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitabasamu.

"Hajawahi kushtuka?"

"Atashtukaje? Anatazama kamera."

"Geuza lori, kaka. Rudisha mashine kwa mdogo wako. Mkubwa, nataka muuguzi mwenye simu kwenye kila chumba cha mashine, hospitali zote. Warushe picha za moja kwa moja kwenye laptopu yangu."

"Na wewe?"

"Nashuka hapa, nirudie pikipiki yangu. Naenda kula na waheshimiwa."

Ukumbi wa mikutano wa hospitali ya mwisho ulikuwa na kiyoyozi. Wodi ya wazazi, upande wa pili wa ukuta, haikuwa na maji. Sindano alipita hapo akiwa na ovaroli ya fundi umeme, laptopu ya Dell kwapani na kofia ya pikipiki mkononi. Mama mmoja aliyejifungua alikuwa amekaa sakafuni na kichanga chake, mgongo ukutani, na kupitia ukuta huohuo vicheko vya wabunge vilisikika.

Ndani walikuwa wanakula. Mwenyekiti alikuwa na paja la kuku mkononi na mafuta kidevuni. Mkandarasi, suti ya rangi ya maziwa, viatu vinavyong'aa, alisimama mbele ya skrini yenye picha za watoto wanaocheka.

"Waheshimiwa, mashine inapashwa moto kidogo," alikuwa akisema. "Tumalizie chakula."

"Hatuna haraka, ndugu yangu," alisema Mwenyekiti. "Afya kwanza!"

Walicheka.

"Samahani, wazee," alisema Sindano. "Waya umelegea."

Alichomoa waya, akauchomeka kwenye laptopu yake. Watoto wanaocheka walitoweka.

Skrini iligawanyika vyumba vitano, kimoja cha kila hospitali.

Cha kwanza: magunia ya saruji. Cha pili: matairi ya gari la mganga mkuu. Cha tatu: kuku anataga kwenye beseni. Cha nne: hospitali hiyohiyo waliyokalia, chumba kitupu, soketi inaning'inia. Wauguzi walizungusha simu zao taratibu, wasiache kona.

Cha tano: Fundi kitandani, mirija mkononi, mashine inanguruma. Kaka yake kasimama pembeni ameshika kandambili zake.

 Mtu alimeza tonge bila kutafuna.

"Mnaona?" Mkandarasi alipaza sauti. "Inafanya kazi! Hizo nyingine ziko kwenye matengenezo."

"Kaka," Sindano alisema kwenye simu, "bandua."

Dereva aliinama. Akaingiza ukucha pembeni ya karatasi nyeupe, akaivuta. Sahihi ya Mwenyekiti ikajaa skrini nzima, na jina la hospitali chini yake.

Akabandua tena.

Sahihi ileile. Hospitali nyingine.

Akabandua tena. Na tena. Kama kitunguu.

Hakuna aliyemtazama Mkandarasi. Wote walimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alilitazama paja la kuku kama vile ndilo lililosaini.

Mkono wa Mkandarasi uliingia kotini. Haukutoka. Beretta ilikuwa imeshagusa mbavu zake, imefichwa na mkono wa ovaroli.

"Kaa," Sindano alimnong'oneza. "Soda yako haijaisha."

Alikaa. Vijana wawili wa Mkubwa, waliovaa kama wahudumu wa chakula, walikuja kuondoa sahani. Walimwondoa na yeye.

Mwenyekiti alijifuta kidevu. Alikuwa mwanasiasa. Alijua wapi pa kutorokea.

"Kamati," alisema, "inapitisha bima ya afya kwa wote kama ilivyo. Isipokuwa kampuni. Kampuni ifutwe. Hazina ikusanye yenyewe. Na hayo tuliyoyaona kwenye skrini... ni mambo ya kiufundi."

Mikono yote ilinyooka. Upesi mno. Hakuna hata aliyeona haya.

Sindano alikuwa anakunja waya wake.

"Katibu," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini, akidhani haisikiki. "Posho ya leo, je? Maana tumefika."

"Na siku mbili tulizopanga kubaki?" aliuliza mwingine.

Simu ya Sindano ilikuwa bado wazi. Uso wa Fundi ulijaa kioo, umechoka, macho makali kama siku zote.

"We mfagizi!" alisema. "Nilijua tu. Haya, umekipata ulichokuwa unatafuta?"

Sindano aliwatazama waheshimiwa. Mmoja alikuwa anafungia kuku aliyebaki kwenye karatasi.

"Nimekipata, dada," alisema. "Kinanuka."

Alivaa kofia ya pikipiki, akatoka bila kufunga mlango.