Laptopu ya Timaleti na Sare za Kwaya

Jamani wenzangu wa mtaa wetu wa Nadera, na ninyi wote mnaosomesha watoto, sogeeni niwaeleze yaliyomkuta jirani yangu Verenaisi. Sisengenyi mtu. Mwenyewe ameniambia, "Waambie, wasije wakanyamaza kama nilivyonyamaza mimi."

Asubuhi hiyo ya Februari mvua ya mji wetu wa Suva, hapa visiwani, ilikuwa imetupumzisha kidogo. Verenaisi alikuwa barazani na cherehani yake, anashona huku akiimba sauti ya pili, na mihogo inachemka jikoni. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Binti yake wa pekee, Timaleti, alikuwa amepata nafasi chuoni kusomea ubunifu wa vitambaa. Na juu ya hilo, kwaya ya kanisa letu, watu arobaini na wawili, ilikuwa imempa yeye kazi ya kushona sare za mashindano ya Agosti. Miaka yote kazi hiyo ilikwenda kwa mafundi wa mjini. Sasa wamempa Verenaisi wa cherehani ya barazani! Nanyi mnajua kwetu sare si jambo dogo. Kwaya ikiingia ukumbini, watu wanaitazama nguo kwanza, kuimba baadaye.

Mara Timaleti akatoka ndani na simu mkononi.

"Mama, tazama. Laptopu ya chuo ndiyo hii."

Verenaisi akatazama. Dude jeusi, nene, vitufe vyote vinawaka nyekundu na buluu na kijani, utadhani duka wakati wa Diwali, sikukuu ya taa.

"Chuo wamesema hii hii?"

"Hii hii, Mama. Kazi ya ubunifu inataka mashine yenye nguvu. Ukichukua nyingine, nitafeli."

Nusu kweli, nusu uongo. Chuo kilitaka mashine yenye nguvu, ndiyo. Lakini karatasi yao ilisema pia kwamba kioo lazima kionyeshe rangi kwa usahihi, na mstari huo Timaleti aliukunja kwa ndani asiuone mtu. Alikuwa na lake. Alikuwa kwenye timu ya gemu na wenzake wanne, na kwa ile simu yake kuukuu kila mara yeye ndiye wa kwanza kuuawa. Wenzake walimtania mpaka akakosa usingizi.

Aliyetoa pesa ni Mjomba Kitione, mdogo wake Verenaisi, mpakuaji wa mizigo bandarini. Mjomba wa kwetu hana ubavu wa kumnyima mpwa wake. Akiombwa anatoa, hata kama roho inamuuma. Wakaenda dukani wote watatu. Pale, Verenaisi akaona kitu. Rangi za kwenye kile kioo zilikuwa zimekolea kupita kiasi, hata ngozi za watu zinang'aa. Mtu aliyeshona miaka ishirini haoni jambo kama hilo akapita tu. Akafungua mdomo, "Lakini mbona hizi rangi..."

"Mama, hii ni teknolojia," kijana muuzaji akamkatiza, akicheka.

Timaleti akamfinya mkono. "Mama, usinitie aibu."

Verenaisi akafunga mdomo wake. Wenzangu, balaa lilianzia hapo.

Laptopu ikaingia nyumbani, na Timaleti akapotea humo humo nyumbani. Akirudi kutoka chuoni, gemu. Akiitwa kula, "Nakuja," na haji. Feni ya ile mashine inavuma hadi Verenaisi hasikii cherehani yake. Ikitolewa kwenye umeme, haimalizi hata kipindi kimoja cha darasa. Ilikuwa nzito, bega la mtoto likashuka upande mmoja. Akiulizwa, anasema chuo ni kigumu.

Mwezi wa saba mwalimu wake, Bibi Shalini, akawapa kazi kubwa ya mwaka: kila mwanafunzi abuni kitambaa kwa mteja wa kweli. Timaleti akasema atabuni kitambaa cha sare za kwaya. Verenaisi alifurahi mpaka akapiga vigelegele. Kwaya ilitaka rangi moja tu, ule wekundu wa udongo unaopakwa kwenye masi, kitambaa chetu cha gome la mti cha kuvaa siku za heshima, juu ya rangi ya maziwa.

"Chapisheni kipande cha shubiri moja kwanza," Bibi Shalini aliwaonya, "mkakitazame juani. Bila hivyo msiagize hata mita moja."

Jumamosi ya kuchapisha kipande, timu ya Timaleti ilikuwa na mashindano yake. Akatuma kazi moja kwa moja kwa mchapishaji, kwa simu, achapishe mita zote bila kipande, akarudi kucheza.

"Kipande umekiona?" mama yake akauliza.

"Niko kwenye kioo siku nzima, Mama. Iko sawa."

Alhamisi ya mazoezi, robota likaletwa kanisani. Verenaisi akalifungua mwenyewe mbele ya kwaya nzima. Akavuta kitambaa. Lo! Kilikuwa cha waridi. Waridi ya ubani wa kutafuna, mita kwa mita.

Watu wakasogea kutazama. Kisha mmoja wa sauti ya tatu akashindwa kujizuia. "Dada Verenaisi, tunakwenda kuimba au kuuza aiskrimu?"

Wakaangua kicheko. Mzee Apenisa, kiongozi wa kwaya, yeye hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Verenaisi.

"Dada, zimebaki wiki tatu. Nadhani tuwarudie mafundi wa mjini."

"Hasara hii ni yangu, nitailipa mwenyewe," Verenaisi akasema. "Nipe mpaka Jumatano nikuletee kipande kingine. Kikiwa kibaya, mpe kazi umtakaye."

"Jumatano," Mzee Apenisa akasema. "Haipiti hapo."

Verenaisi akarudi nyumbani na kitambaa begani. Hakupiga kelele. Alikiweka kando ya kile kioo, akamwita binti yake aje atazame. Kwenye kioo, wekundu wa udongo, mzuri ajabu. Mkononi, waridi.

Timaleti akabubujikwa na machozi. Yakamtoka yote. Rangi za mashine alizichezea mwenyewe, akazikoleza, ili awaone maadui waliojificha gizani kwenye gemu, na hakuzirudisha. Hata angezirudisha, kioo kile hakikuwa cha kazi ya rangi. Akatoa na karatasi ya chuo, akaukunjua ule mstari.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Nimechekwa leo, Tima. Watu ninaoimba nao miaka yote wamenicheka. Na mjomba wako anabeba magunia bandarini, ukamdanganya na yeye." Verenaisi akakaa chini, akalia. Alimlilia mtoto, na alijililia mwenyewe pia, maana dukani aliona na hakusema.

Mjomba Kitione alipoitwa, alikunywa bakuli lake la yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, kisha akamgeukia mpwa wake.

"Tima, ungeniambia unataka ya gemu, ningekutukana kidogo, nikakununulia, yakaisha. Sasa umenifanya bwege mbele ya dada yangu."

"Nisamehe, Mjomba."

"Hiyo samahani itaivalisha kwaya?"

Timaleti akaizima ile mashine.

"Iuze hiyo taa yako ya disko. Pesa itakayopatikana ndiyo hiyo hiyo, mimi siongezi. Na safari hii tunakwenda na macho ya mama yako. Wewe utasoma maandishi tu."

Ijumaa mashine ikapata mnunuzi, mmoja wa wale wenzake wa timu. Jumamosi asubuhi watatu wakaingia tena dukani, na Verenaisi amebeba kikapu chake cha sokoni. Wenzangu, natamani ningekuwepo!

Kijana yule yule akawakimbilia. "Mama, karibu! Nina mpya hizi, zinawaka..."

"Zizime taa zote," Verenaisi akasema. "Kisha niwekee picha ya kitu hiki." Akatoa kikapuni kipande cha masi alichorithi kwa mama yake.

"Mama, laptopu hazichaguliwi hivyo."

"Mwanangu, uzi ninauchagua hivi hivi miaka ishirini. Piga picha."

Timaleti hakumfinya mtu. Aliipiga yeye, hapo mlangoni kwenye mwanga wa mchana, akaifungua kwenye kila mashine. Verenaisi akapita na gome lake mkononi, anaweka kando ya kioo, anatikisa kichwa. "Hii imeungua. Hii ina homa ya manjano. Hii imefuliwa mara mia." Wateja wakaanza kumfuata nyuma. Mama mmoja aliyekuja kununua feni akaacha feni yake.

Pembeni kabisa palikuwa na moja ya kijivu, haina mbwembwe, imetumika mwaka mmoja ofisini. Verenaisi akaweka masi kando yake. Akatazama. Akaita, "Tima, njoo."

Zilikuwa zinalingana, gome na kioo.

"Soma maandishi," Mjomba akaamuru.

Timaleti akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, bila kukunja kitu. Kioo kimepimwa kwa kazi ya rangi. Memori inatosha programu za chuo. Ina kadi yake ya picha.

"Gemu je?" Verenaisi akauliza.

Mtoto akashtuka. "Mama?"

"Nimekuuliza, gemu inacheza?"

"Inacheza, Mama. Si kwa madoido yote, lakini inacheza vizuri."

"Basi cheza nusu saa, bila kuichomeka kwenye umeme."

Timaleti akacheza. Verenaisi akaweka kiganja chini ya mashine, kama anayepima pasi. Vuguvugu tu. Kisha akaitumbukiza kikapuni, akazunguka nayo duka zima kama anayetoka sokoni na magimbi. Bega halikuuma. Chaji ilikuwa imepungua kidogo.

"Tufungie hii," akamwambia muuzaji. Watu wakapiga makofi, na yule kijana, namsifu kwa hilo, akasema, "Mama, naomba nikupige picha na hilo gome. Nitawafundisha wenzangu."

Jumatatu Timaleti alichapisha kipande cha shubiri moja. Wakatoka nacho juani, mama na binti, wakakilaza juu ya masi. Hapakuwa na tofauti. Jumatano Mzee Apenisa alikipokea, akakiweka kifuani mwake, akatembea nacho hadi dirishani na kurudi.

"Shona," akasema. Neno hilo moja likamrudishia Verenaisi usingizi wake.

Kitambaa kipya kikaagizwa siku hiyo hiyo, na kilipofika wakashona usiku na mchana. Timaleti alikata, akapinda, akatia vifungo. Gemu ikabaki ya Jumamosi jioni, kwa muda wa saa mbili tu, na wenzake wakagundua kwamba siku hizi hafi wa kwanza.

Na Agosti ikafika. Kwaya yetu ilipoingia ukumbini, watu arobaini na wawili, wekundu ule wa udongo umejaa jukwaani, ukumbi mzima ulisimama kabla hawajaimba hata neno. Walipoimba, tulilia. Tulishika nafasi ya kwanza, ndugu zangu! Mzee Apenisa akapokea kombe, akaita kwenye kipaza sauti, "Fundi wetu ni Verenaisi wa Nadera. Asimame aonekane."

Akasimama. Viongozi wa kwaya tatu nyingine wakamsubiri mlangoni na kazi zao. Mmoja akamshika Timaleti mkono. "Binti, rangi hii mliipata kwa mashine gani?"

"Mashine ni ya kijivu ya kawaida tu," Timaleti akajibu. "Macho ni ya mama yangu."

FUNZO

Vijana, gemu si dhambi. Mkitaka mashine ya kazi na ya kucheza, ipo. Ichagueni kwa kazi kwanza, mchezo utapata nafasi yake, na msimfiche anayewalipia hata mstari mmoja wa karatasi. Nasi wazazi tusijione mbumbumbu kila tukisikia neno teknolojia. Fundi cherehani anajua rangi, mpishi anajua moto, mbeba mizigo anajua uzito. Ukiona kitu hakiko sawa, sema palepale dukani, hata ukifinywa mkono.