Aliyekataa Kuhama Kyebando

Makaa yalikuwa mekundu, lakini maji ya chai yaligoma kuchemka. Nerima alichovya kidole sufuriani akakuta maji ya baridi kabisa. Ilikuwa saa sita mchana, siku ya tatu tangu Dawudi, mwenye nyumba, apandishe kodi maradufu na kuwaambia wapangaji wake wa Kyebando, "Asiyetaka ahame. Nyumba hii ina wenyewe wengine."

Wawili walishahama. Nerima, mshona sare za shule kutoka Bungoma, hakuhama. Mkataba wake wa mwaka ulikuwa na muhuri wa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, na mwaka haujaisha.

Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Jirani yake Aloyo, mke wa polisi, alisimama mlangoni akanong'ona, "Dada, huyo ni jini wa Dawudi. Jana alikuwa kwangu. Tuondoke."

"Niende wapi?"

Mlango ukajifunga kati yao, na cherehani ikaanza kushona yenyewe, kwanza taratibu, halafu mbiombio, sindano ikitoboa hewa, huku kwato zikitembea juu ya mabati, zikishuka ukutani, zikivuka sakafu hatua kwa hatua mpaka zikasimama nyuma ya shingo yake, na pumzi ya moto ikasema kwa sauti ya Dawudi, "Toka."

Nerima alihisi mkojo ukimtoka. Hata hivyo alikaa kitini, akakanyaga pedeli kwa miguu miwili mpaka cherehani ikanyamaza.

"Nimelipa mpaka Desemba," alisema. "Mkataba wangu ni na Dawudi, si na wewe. Aliyekuita ndiye mwenyeji wako. Anakaa Lubaga, ana vyumba sita. Nenda ukalale kwake."

Aloyo akausukuma mlango kwa bega, akaingia, akaketi sakafuni kando yake. "Na mimi sitoki," alisema.

Harufu ikapungua, ikaisha.

Ijumaa mchana Dawudi alikuja amekonda, macho mekundu. "Kodi ibaki ile ya zamani," alisema kwa upole. "Naomba tu chumba kimoja hapa, nipate kulala."

Nerima alitazama ua. Juani, Dawudi alikuwa na vivuli viwili. Alipoinama, kimoja hakikuinama.

"Vyumba ni vyako, mzee. Ila huyo nyuma yako hana mkataba hapa. Rudi naye."

Dawudi akageuka, akaondoka. Kivuli cha pili kilichelewa kidogo langoni, kisha kikamfuata.