Kifaa Ndani ya Kikopo cha Jiometri

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride, Caren Anyango alipitia nyuma ya tangi la maji la shule yao karibu na Kosele. Alitazama huku na huku, akatoa mdomoni kifaa chake cha kunyooshea meno, akakisuuza, kisha akakificha ndani ya kikopo cha jiometri, kati ya rula na bikari. Jioni, akikaribia nyumbani, alikirudisha mdomoni. Nyanya yake, aliyemwita Dani, alipouliza kama alikivaa siku nzima, Caren aliitikia kwa kichwa.

Kifaa chenyewe kilikuwa kipande cha plastiki kilichokaa kwenye kaakaa, na waya mmoja uliopita mbele ya meno. Alipewa na Daktari Ogeto wa kliniki ya meno mjini Homa Bay mwaka huo wa 1997, alipotimiza miaka kumi na mitatu, kwa sababu meno yake ya juu yalikuwa yamesongamana na kupandana. Sharti lilikuwa akivae usiku na mchana, ila wakati wa kula.

Shida ilianza siku ya kwanza darasani. Aliposimama kusoma kwa sauti, "samaki" ikatoka "thamaki". Darasa zima liliangua kicheko.

"Antena!" Bravin aliita kutoka dawati la nyuma. "Hebu tushikie taarifa ya habari!"

Jina hilo likamganda. Ajabu ni kwamba kukificha kifaa hakukumsaidia hata kidogo. Wenzake walipocheza, yeye alikula nyoyo yake, mahindi na maharagwe ya jana, peke yake kando ya tangi, kiganja kikiwa mdomoni ili meno yasionekane. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Kwa upweke huo, chakula kilikataa kushuka.

Baada ya miezi mitatu, Dani alimrudisha kliniki. Daktari Ogeto alimpima kwa rula ndogo, akalinganisha na mfano wa plasta wa meno yake uliochukuliwa mwanzoni, akakunja uso.

"Meno hayajasonga hata kidogo. Caren, unavaa kifaa?"

"Ndiyo, daktari. Mchana na usiku."

"Kweli?"

Dani akadakia kutoka benchi kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Daktari, huyu mtoto hajui kudanganya. Mimi najua yeye."

Caren alifumba macho. Maneno hayo yalimchoma kuliko kicheko cha darasa.

"Basi kifaa pekee hakitoshi," alisema daktari. "Itabidi tung'oe meno mawili mazima ili mengine yapate nafasi."

Akamwomba muuguzi alete sindano ya ganzi. Dani alisogea, akamshika Caren mkono, akaanza kusema naye kwa Kijaluo. Caren aliliona pengo la meno ya chini ya Dani. Yalikuwa meno sita, yaliyong'olewa kwa mila ya zamani Dani alipokuwa msichana wa rika la Caren.

"Nyathina, mtoto wangu, usiogope. Mimi walinikalisha chini wakanishika kichwa. Sikuulizwa kitu. Nililia peke yangu. Lakini wewe, mimi niko hapa."

"Daktari, ngoja!" Caren alilia. "Nimedanganya. Shuleni sikivai. Nakificha kwenye kikopo cha jiometri kwa sababu wananicheka."

Dani akauachilia mkono wake. Caren hakuwahi kujiona mpweke kama dakika hiyo.

"Rudisha sindano," daktari alimwambia muuguzi. Kisha akamgeukia Caren. "Mimi hutibu kile ninachoambiwa. Ukinidanganya nitatibu uongo, na meno yatakayotoka ni yako."

Jumatatu Caren alisoma darasani akiwa na kifaa. "Antena!" wakaita. Machozi yalimlenga, lakini alisoma hadi mwisho wa ukurasa. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na nyingine. Wiki ya tatu, Bravin alimfuata hadi kando ya tangi.

"Kinauma?" aliuliza.

"Kinauma. Lakini kinavuta meno."

Bravin aliketi, akafungua chakula chake. Hawakuongea sana. Hata hivyo siku hiyo nyoyo ilishuka vizuri.

Miezi sita baadaye, Daktari Ogeto alipima tena, akatabasamu. Meno yalikuwa yameanza kujipanga. Dani hakutosheka na habari. Alimwambia Caren apanue mdomo, akayahesabu kwa kidole, moja moja, mpaka la mwisho.

"Yote yapo," alisema kwa Kijaluo. "Siku ile nilikuachilia mkono kwa hasira. Lakini ulisema kweli wakati kweli bado inasaidia. Ungengoja meno yatoke, kusema kweli kusingeyarudisha."

Akamshika mkono tena, wakatoka.