Meza ya Tucson

— Hotidogi moja au mbili, dada?

— Moja.

— Mbona tiketi yako ni ya watu wawili?

— Najua. Nipe moja tu.

Muuzaji, jibaba la watu lenye aproni iliyochafuka haradali, hakuuliza tena. Akaijaza ile hotidogi kama wanavyoijaza Chicago: vitunguu, nyanya, tango la achari, pilipili mbili juu. Lilikuwa tamasha la hotidogi, kila meza ikitoa za mji au jimbo lake.

— Niwekee na tomato sosi kidogo, Nadine akamwambia.

— Hotidogi ya Chicago niitie tomato sosi? Kwetu huo ni mwiko. Marehemu mama yangu atafufuka aje anizabe kofi.

Nadine akacheka, akageuka pembeni kumtafuta wa kucheka naye. Hakukuwa na mtu.

Tiketi aliikata mwezi wa kwanza, mumewe Lowell akiwa bado nyumbani. Siku chache baadaye Lowell alifunga begi, akahamia kwa kaka yake. Hawakugombana. Maneno yalikuwa yamewaishia tu, wakawa wanapishana jikoni kama wapangaji.

Simu ikatetemeka. Dada yake, Bernadette.

"Umefika? Uko na nani?"

"Niko na watu wa kazini," Nadine akajibu, akaitia simu mfukoni.

Alipofika meza ya Detroit, ambako soseji huzamishwa kwenye rojo la nyama ya kusaga, alimkuta Lowell amesimama na kofia yake ileile ya udereva.

— Nani kakwambia niko hapa?

— Dada yako.

— Bernadette ana mdomo.

— Usimlaumu. Mimi ndiye niliyemsumbua.

Wakaenda meza hadi meza, bega kwa bega, lakini kila mtu na sahani yake. Miaka yote ya kuendesha lori Lowell alikula hotidogi za nchi nzima, peke yake, akimtumia mkewe picha. Kwenye meza ya West Virginia akajaribu kuchangamsha mambo.

— Hii wanaiwekea kachumbari ya kabichi. Nilikutumia picha yake, unakumbuka?

— Ulikuwa unanitumia picha, Lowell. Mimi nilikuwa nakula na picha.

Wakafika meza ya Tucson, ambako mama mmoja alikuwa akizungushia soseji nyama ya nguruwe na kuzimwagia maharage. Nadine akasimama.

— Hapa mimi sili.

— Kwa nini?

— Siku ile ulikuwa Tucson.

Lowell akaangalia chini.

— Nilikupigia kutoka hospitali nilikojifungua mpaka simu yako ikazimwa, Nadine akasema polepole. Uliporudi, mtoto nilishamzika, mimi na Bernadette. Sasa niambie. Alikuwa nani?

— Nani?

— Huyo mwanamke uliyekuwa naye.

— Hakukuwa na mwanamke, Nadine. Naapa.

— Ulikuwa wapi basi?

— Kwenye lori. Ujumbe wako niliusoma. "Mtoto hayupo tena. Njoo." Kila nikitaka kupiga, naogopa kukusikia unalia. Mwisho nikazima.

Nadine akaweka sahani yake pembeni ya meza. Muda wote huo alikuwa amemchonga mwanamke wa Tucson kichwani, nywele zake, hata kicheko chake.

— Bora angekuwepo, akasema. Ningekuwa na mtu wa kumchukia. Na wala sikulia, Lowell. Nilikuwa nakusubiri uje, ndipo nilie.

— Chukueni kabla hazijapoa, wanangu, yule mama akawasogezea sahani mbili.

Lowell alipokea yake, hakuila.

— Safari za mbali nimeacha. Napakia mizigo hapahapa mjini, jioni narudi chumba cha nyuma kwa kaka, nakaa kitandani naangalia ukuta. Niruhusu nirudi nyumbani.

— Nyumbani kwenyewe kimya. Usidhani ukimya uliondoka nao.

— Basi tukae kimya wote wawili.

— Tangu siku ile kuna kitu hujawahi kuniuliza.

— Kitu gani?

Nadine hakumsaidia. Watu waliwapita na sahani zao, wakicheka. Mwishowe Lowell akauliza.

— Ulimpa jina?

— Odette.

Akalirudia, taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nadine hakumkumbatia. Aliitoa tu sahani mkononi mwake isije ikamwagika, akasimama karibu naye mpaka alipotulia.

— Kuhusu kurudi, sijui, akamwambia. Ila Jumapili naenda kumwona. Kama unakuja, njoo.

Jumapili asubuhi Nadine alipofungua mlango, Lowell alikuwa amekaa kwenye ngazi, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi vibaya. Makaburini, Nadine alitangulia, akapangusa majani juu ya jiwe dogo, akasogea pembeni kumpisha.

Lowell akasimama hajui aweke wapi mikono.

— Nifanyeje?

— Mwambie wewe ni nani, Nadine akasema. Hakujui.

Lowell akavua kofia, akapiga magoti. Hapo ndipo Nadine, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, alipolia.