Mizizi Kwenye Pindo la Kanga

Kijijini kwao, nje kidogo ya Magu, Bibi Wilhelmina alijulikana kwa mpunga wake na kwa dawa yake ya uchungu. Dawa ilikuwa mizizi aliyoichimba mwenyewe. Mwanamke akianza uchungu, aliichemsha na kumnywesha ili ajifungue haraka. Watu walimsifu, naye sifa alizipenda, tusifiche.

Kila asubuhi alimlisha uji mjukuu wake, Ngosha. Ngosha ana miaka minne, lakini hawezi kukaa wala kusema. Usipomnywesha polepole, uji humpalia. Siku aliyozaliwa hakulia, na mwili wake ulikuwa umelegea. Majirani walisema mizimu imekasirika, na Wilhelmina akakubali. Sasa Rebeka, mke wa mwanawe Mashimba, alikuwa na mimba nyingine. Bibi alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu: je, na huyu?

Siku moja alimsindikiza Rebeka kliniki. Mkunga wa pale, nesi Odeta, aliuliza Ngosha alizaliwaje. Rebeka alieleza yote. Alikunywa dawa nyumbani, uchungu ukambana bila kupumzika, na walifika kituoni mtoto akiwa karibu kutoka.

Odeta alimgeukia Wilhelmina.

"Shikamoo bibi. Naomba nikueleze. Mtoto tumboni hapumui kwa pua. Hewa anaipata kwenye damu ya mama, kupitia kitovu. Tumbo likibana, hewa inapungua. Likilegea, anaipata tena. Dawa hizi zinaweza kulibana tumbo lisilegee."

"Nimewapa wengi, wakazaa salama," alisema Wilhelmina.

"Wengi, ndiyo. Lakini ubongo wa mtoto hauwezi kukaa bila hewa. Dakika chache tu zinatosha kuuumiza."

"Kwa hiyo Ngosha nilimuumiza mimi?"

"Siwezi kuapa, bibi. Ziko sababu nyingine pia. Ila dawa na kuchelewa tunaweza kuviacha."

Aliwaambia waje mara uchungu unapoanza. Waje pia chupa ya uzazi ikipasuka na maji kutoka, damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza tumboni. Wilhelmina alitoka pale ameona aibu, tena ana hasira.

Uchungu ulimkuta Rebeka asubuhi, akipepeta mchele. Safari hii hawakungoja. Mashimba alileta bajaji, wakaenda. Lakini mazoea ni mazoea. Kwenye pindo la kanga yake, Wilhelmina alikuwa amefunga mizizi.

Kituoni, uchungu ulikwenda taratibu. Kila baada ya muda Odeta aliweka kifaa tumboni, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Alisema mapigo ni mazuri, hakuna haja ya kuharakisha. Mchana ukafika. Odeta alipotoka kidogo, Rebeka alimshika mama mkwe wake mkono.

"Mama, nimechoka. Nipe ile dawa. Najua umeibeba."

Chupa ya chai ya moto ilikuwa pale pale, mizizi ingeweza kulowekwa humo. Wilhelmina alilishika lile fundo. Alimwonea huruma Rebeka, na alijua kazi ya mizizi ile. Kisha akamkumbuka Ngosha akipaliwa na uji.

"Sikupi, mwanangu. Tumwache mtoto apate hewa."

Odeta aliporudi, bibi alifungua pindo, akamkabidhi mizizi yote. "Ichukue," alisema. "Isije ikanishinda."

Alasiri mtoto wa kike alizaliwa. Hakulia.

 Zamani Wilhelmina angemning'iniza mtoto miguu juu na kummwagia maji ya baridi. Odeta hakufanya hivyo. Alimkausha haraka kwa kitambaa, akamsugua mgongo. Mtoto hakupumua. Odeta akamfunika mdomo na pua kwa kikombe laini, akaminya mfuko wa kupulizia hewa. Vyote alikuwa ameviweka tayari mapema. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Kisha mtoto akakohoa, akalia kwa hasira. Wilhelmina naye akalia, wala hakujificha.

"Angezaliwa nyumbani," alisema Odeta akifuta jasho, "tungempulizia na nini?"

Walimwita Precious. Sasa anakaa mwenyewe, na kijiko cha uji cha kaka yake anakigombania. Ngosha naye hupelekwa mazoezi ya viungo, kama Odeta alivyowashauri. Shingo yake imeanza kupata nguvu.

Juzi jirani yao Suzana alikuja mbio. Binti yake ameshikwa na uchungu, anaomba ile dawa.

Wilhelmina alikuwa akimlisha Ngosha. Hakuhubiri. Alimnyanyua mtoto, akamweka kwenye mapaja ya Suzana. Ngosha alikuwa mzito, na kichwa chake kilimwegemea mgeni kifuani.

"Mama yake aliinywa," alisema Wilhelmina. "Mimi ndiye niliyempa."

Suzana alimshika mtoto kichwa kisianguke, huku Mashimba akitoka kuita bajaji. Wilhelmina alimchukua mjukuu wake, akampa Rebeka, kisha akajifunga kanga vizuri.

"Twende tumchukue binti yako," alisema. "Mashimba ameshaita bajaji."