Kivuli cha Kiti Kitupu

Kivuli kilikuwa na mabega. Mchoraji alikuwa ameweka jua kwenye dirisha la picha, na katikati ya sebule kiti kitupu, basi. Mabega yametoka wapi?

Akayafuta. Kwenye kompyuta yeye alikuwa fundi wa mwanga: aliujua unavyogonga ukuta ukarudi na rangi yake, na vitu vya mbali vinavyofifia machoni. Kosa la kitoto namna ile halikuwa lake. Aliporudi na chai, mabega yalikuwepo tena, na chumba kilinuka udongo uliolowa.

Tangu mumewe amwache, simu yake ililia kwa ajili ya kazi tu. Kwa hiyo sauti ilipotoka nyuma ya kioo cha kompyuta, nyembamba kama ya mtu aliyejifunika blanketi, ikamuuliza, "Umekula?", kalamu ya kuchorea ilimdondoka, lakini akajikuta amejibu, "Bado," na tangu hapo kila alasiri wakawa wanazungumza, yeye akichora na lile lenye mabega limekaa kwenye kiti cha pichani, huku mwanga wa sebule ya pichani ukizidi kuwa wa kweli na wa chumbani mwake ukizidi kufifia, hata ikafika akawa anapapasa kuta mchana kweupe.

Dada yake alipokuja kumjulia hali, alimkuta amekonda kama njiti, anacheka peke yake. Akaenda kumleta mganga.

Mganga alitazama kioo, akarudi nyuma. "Hili halikuvamia," alinong'ona. "Limekaribishwa. Mwenyeji ndiye wa kulitoa."

"Liambie litoke, mdogo wangu," dada alimsihi.

"Likitoka nitabaki na nani?"

"Mimi si nipo?"

"Wewe? Mara ya mwisho ulikuja lini, dada?"

Dada alimshika mkono, akaukuta wa baridi kama jiwe, akaanza kulia. Mchoraji akafumba macho.

"Toka," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Chumba kikajaa mwanga ghafla. Pichani kikabaki kiti, na kivuli cha kiti.

Walipoondoka, alisimama dirishani kuwatazama. Mganga alikata kona. Dada akaendelea peke yake juani, vivuli viwili vikimfuata. Akainamisha kichwa pembeni kama mtu anayeulizwa jambo, akatabasamu, akajibu.

Mchoraji akafungua dirisha amwite, lakini kwa wivu akalifunga tena.